Jua Lisafishalo Maji

1

Milima ya Upare imesimama kaskazini-mashariki mwa Tanzania, katika Mkoa wa Kilimanjaro, kati ya mbuga za Mkomazi na bonde la mto Pangani. Kilele chake kirefu kuliko vyote ni Shengena, chenye urefu wa mita 2,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Chini ya milima hiyo, upande wa magharibi, uko mji wa Same, penye barabara kuu na reli ziendazo Moshi. Mtu asimamaye Same na kutazama juu mara nyingi huona jambo la ajabu. Mjini jua lawaka na vumbi lapaa njiani, lakini milimani wingu zito limetanda, na watu wa huko wamejifunika kwa sababu ya baridi.

Sababu ya tofauti hiyo ni upepo. Upepo utokao Bahari ya Hindi huja na unyevu mwingi. Ufikapo penye milima hulazimika kupanda, na kwa kupanda hupoa, ndipo unyevu wake hugeuka kuwa wingu na mvua. Basi mvua hunyesha vileleni na upande wa mashariki. Upepo ushukapo upande wa pili, kuelekea Same, Makanya na Hedaru, hauna tena mvua ya kutoa.

Kwa hiyo maji na jua, vitu viwili ambavyo mwanadamu hawezi kuishi bila hivyo, havikugawanywa sawasawa katika Upare. Watu wa milimani wana chemchemi na vijito, lakini jua lao mara nyingi limefunikwa. Watu wa tambarare wana jua tele, lakini maji yao ni haba. Wazee wa Upare waliyajua hayo tangu zamani, ndiyo maana walichimba mifereji mirefu ya kuteremsha maji kutoka milimani, na wakajenga mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Usiku maji ya mfereji hujaa ndivani. Asubuhi hufunguliwa, yakaenda mashambani kwa zamu, kila mtu na siku yake. Kazi hiyo ni ya akili nyingi, na ndiva nyingine zatumika hata leo.

Lakini mfereji uliochimbwa kwa ajili ya shamba si bomba la maji ya kunywa. Maji yake hupita penye ng'ombe na mbuzi, penye nyumba na njia za watu, na mvua kubwa huyatilia kila uchafu ulio juu ya nchi. Mwaka 2025 ulizinduliwa mradi mkubwa wa kuleta maji yaliyosafishwa kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu hadi Same na Mwanga. Huo ni msaada mkubwa. Hata hivyo, pako mahali ambapo bomba halijafika, na hata maji ya bomba yaweza kuharibika nyumbani, yakiwekwa katika chombo kichafu au yakichotwa kwa mkono usionawa.

2

Watu wengi hudhani kwamba maji yakiwa maangavu ni maji safi. Sivyo. Maji ya kijito cha mlimani yaweza kung'aa hata vijiwe vya chini vikaonekana, na bado yakawa na maradhi ndani yake. Vijidudu viletavyo maradhi ni vidogo mno, wala jicho haliwezi kuviona. Mwaka 1884 daktari Mjerumani aitwaye Robert Koch, baada ya kufanya utafiti Misri na kisha India, alitangaza kwamba kijidudu cha kipindupindu ni kidogo chenye umbo la kupindika kama mkato wa mwandishi. Maelfu ya vijidudu hivyo vyaweza kuwamo katika bilauri moja ya maji, na mnywaji asihisi ladha yo yote ngeni.

Maradhi yaletwayo na maji machafu ni mengi: kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu, na kuhara kwa kawaida ambako huwapata watoto wadogo mara kwa mara. Mtu mzima akihara huweza kustahimili. Mtoto mchanga hana akiba kubwa ya maji mwilini. Akihara siku moja au mbili, macho huzama, midomo hukauka, na asipopewa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo na kupelekwa kwa mganga upesi, huweza kufa. Katika Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kikaenea karibu katika mikoa yote, na hakikukoma mpaka miaka kadhaa ilipopita. Watu zaidi ya 30,000 waliugua, na zaidi ya 500 walikufa.

Dawa ya zamani ya jambo hili ni kuchemsha maji. Maji yakichemka barabara, vijidudu hufa. Hakuna ubishi juu ya hilo, na kwa mtoto mchanga au mgonjwa njia hiyo ni bora. Lakini kuchemsha kwataka kuni au mkaa. Kuni hutoka mitini, na miti ya milimani ndiyo ilindayo chemchemi. Msitu wa Chome, ulio chini ya kilele cha Shengena, huvuta ukungu, huzuia udongo usichukuliwe na mvua, na huyaachia maji polepole hata wakati wa kiangazi. Mtu akikata msitu ili achemshe maji, mwisho atakuwa na sufuria na moto, wala hana maji ya kutia ndani yake. Tena mama aliyekwenda mbali kutafuta kuni hukisia mti wa kupikia ugali kwanza. Maji ya kunywa huachwa mabichi.

Basi watu wa elimu waliuliza swali: je, hakuna moto mwingine usiotaka kuni? Upo. Nao huwaka kila siku juu ya mabati ya Same.

3

Mwanga wa jua huonekana mweupe, lakini ndani yake zimo rangi nyingi. Upinde wa mvua huzionyesha: nyekundu upande mmoja, kisha rangi ya chungwa, manjano, kijani, buluu, mpaka urujuani upande wa pili. Mwaka 1800 William Herschel, mtaalamu wa nyota aliyekaa Uingereza, aliweka vipimajoto katika rangi hizo ili ajue ipi ina joto zaidi. Akaona kwamba kipimajoto kilichowekwa nje kidogo ya nyekundu, mahali pasipoonekana nuru yo yote, kilipanda kuliko vyote. Hivyo alitambua kwamba jua lina miale isiyoonekana.

Mwaka uliofuata, 1801, Mjerumani Johann Wilhelm Ritter alitazama upande wa pili. Alitwaa chumvi itokanayo na madini ya fedha, ambayo huwa nyeusi ikipigwa na nuru, akaiweka katika rangi moja moja. Ilipowekwa nje ya urujuani, mahali penye giza kwa jicho, iligeuka nyeusi upesi kuliko penginepo. Kumbe huko nako kuna miale. Miale hiyo leo huitwa urujuanimno, maana yake ni iliyo ng'ambo ya urujuani. Ndiyo miale iunguzayo ngozi ya mtu akaaye juani mchana kutwa, na ndiyo ipaushayo kitambaa kilichoanikwa siku nyingi.

Muda mrefu ulipita kabla watu hawajajua kwamba miale hiyo huua vijidudu. Mwaka 1877 Waingereza wawili, Arthur Downes na Thomas Blunt, walitia maji yenye chakula cha vijidudu katika mirija ya kioo. Baadhi ya mirija waliifunika isipate mwanga, mingine wakaiacha juani. Baada ya siku kadhaa maji yaliyofunikwa yalikuwa na ukungu mzito kwa sababu ya vijidudu vilivyozaana ndani yake. Maji yaliyokaa juani yalibaki maangavu. Tena walitambua kwamba si joto lililofanya kazi hiyo, bali ni mwanga wenyewe, hasa ule wa upande wa urujuani. Baadaye daktari Niels Finsen wa Denmark alitumia nuru kuponya kifua kikuu cha ngozi, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1903.

Miale hiyo yawezaje kuua kitu hai? Ndani ya kila kijidudu umo uzi mwembamba sana wenye maagizo yote ya kuishi na kuzaana. Wataalamu huuita DNA. Miale ya urujuanimno ikiupiga uzi huo, huharibu viungo vyake, kama mtu abandikaye kurasa mbili za kitabu pamoja kwa gundi, hata zisiweze kusomwa. Kijidudu kisichoweza kusoma maagizo yake hakiwezi kuzaana. Na kijidudu kisichozaana, hata kikiingia tumboni mwa mtu, hakina nguvu ya kuleta maradhi, kwa sababu maradhi huja kwa wingi wa vijidudu. Miale ya jua ifikayo nchini hufanya kazi kwa njia nyingine pia: hushirikiana na hewa iliyo ndani ya maji kutengeneza vitu vikali viviunguzavyo vijidudu polepole. Joto nalo husaidia. Maji yakifika nyuzi 50 za Selsiasi, kazi huenda upesi sana kuliko yakiwa baridi.

4

Elimu hiyo ilikaa vitabuni bila kuwafaa watu wa kawaida. Katika miji ya Ulaya zilitengenezwa taa za zebaki zitoazo miale ya urujuanimno, na mwaka 1910 taa hizo zilijaribiwa katika maji ya mji wa Marseille, Ufaransa. Lakini taa yataka umeme, na vijiji vingi havikuwa nao.

Aliyerudisha jambo hili kwa jua lenyewe ni Aftim Acra, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Marekani kilichoko Beirut, Lebanon. Yeye na wenzake walikuwa wakiwafikiria watoto wenye kuhara. Maji ya chumvi na sukari huwaponya watoto hao, lakini yakichanganywa kwa maji machafu huwaongezea maradhi. Mwaka 1980 Acra na wenzake walitangaza katika gazeti la waganga la London kwamba maji hayo yakitiwa katika chombo kipitishacho nuru na kuwekwa juani kwa saa chache, vijidudu vyake hufa. Tangu mwaka 1991 taasisi ya maji ya Uswisi, iitwayo EAWAG, iliichunguza njia hiyo kwa bidii, ikaipa kanuni zake na kuieneza katika nchi nyingi.

Lakini kitu kitendwacho katika chumba cha wataalamu si sawa na kitu kitendwacho nyumbani penye watoto na mifugo. Ilipasa kijaribiwe huko. Jaribio kubwa la kwanza lilifanywa si mbali na Upare, katika wilaya ya Kajiado nchini Kenya, kwa Wamasai ambao nchi yao ni kavu kama mbuga za Same, na maji yao hutoka katika mashimo na mabwawa ya wazi. Ronan Conroy wa Ireland na wenzake waligawa chupa za plastiki kwa watoto 206. Kundi moja liliambiwa liweke chupa za maji juu ya paa. Kundi la pili liliambiwa liziweke ndani ya nyumba. Maji yalikuwa ya namna moja, na chupa za namna moja. Tofauti ilikuwa jua tu. Habari zake zilitangazwa mwaka 1996: watoto wa kundi la kwanza waliugua kuhara mara chache zaidi, hasa kuhara kukali. Tofauti haikuwa kubwa mno, lakini ilikuwapo.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Kipindupindu kiliingia katika nchi ile ile wakati chupa zilikuwa bado zatumika. Maradhi yalipopita, watafiti walirudi kuhesabu. Katika watoto 155 wenye umri chini ya miaka 6 waliokunywa maji ya juani, 3 walipata kipindupindu. Katika watoto 144 wa umri huo ambao chupa zao zilikaa ndani, 20 walipata. Hesabu hiyo ilitangazwa mwaka 2001. Kwa watu wazima na watoto wakubwa haikuonekana tofauti ya kutegemewa, na sababu yake si ngumu kuitambua. Mtoto mdogo hunywa anachopewa na mama yake. Mkubwa hutembea, huchunga, hunywa popote apatapo kiu. Chupa iliyo juu ya paa haimsaidii mtu anywaye maji ya bwawa njiani.

5

Kanuni za kazi hii ni chache, lakini kila moja ina sababu yake, na mwenye kuiacha moja huharibu zote.

Kwanza, chupa. Iwe ya plastiki iliyo wazi kabisa isiyo na rangi, kama zile ziuzwazo na maji madukani, yenye ujazo usiozidi lita 2. Karatasi yake ya nje itolewe. Ioshwe kwa sabuni, pamoja na kifuniko. Chupa iliyopauka au kujaa mikwaruzo haifai, kwa kuwa huzuia miale. Dumu la manjano la lita 20, ambalo ndilo chombo cha maji katika kila nyumba, halifai hata kidogo kwa kazi hii. Rangi yake hufunga njia ya nuru, na unene wake ni mkubwa mno; miale hudhoofika kabla haijafika katikati.

Pili, maji yenyewe. Hapa ndipo wengi hukosea. Miale ya urujuanimno haiwezi kupenya tope. Kila chembe ya udongo ni kama ukuta, na kijidudu hujificha nyuma yake kama mtu ajifichaye jua chini ya mbuyu. Iko njia rahisi ya kujua kama maji yafaa. Chupa iliyojaa husimamishwa juu ya gazeti, na mtu hutazama kwa juu, kupitia mdomo wa chupa mpaka chini. Akiweza kusoma herufi kubwa za kichwa cha habari, maji yafaa. Asipoweza, lazima yasafishwe kwanza. Huachwa yatulie usiku kucha, kisha yale ya juu humiminwa taratibu na kupitishwa katika kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Mahali penye mti wa mlonge, mbegu zake hubanguliwa, hupondwa kuwa unga, na unga kidogo hukorogwa ndani ya maji. Udongo hushikamana na unga huo na kuzama chini. Lakini mlonge huondoa tope tu, haumalizi vijidudu. Baada yake jua bado latakiwa.

Tatu, hewa. Chupa hujazwa robo tatu, hufungwa, na kutikiswa kwa nguvu kwa muda wa sekunde 20, ili hewa ichanganyike na maji. Kisha hujazwa kabisa.

Nne, mahali. Chupa hulazwa ubavu, wala haisimamishwi, ili maji yawe na kina kidogo na miale ipite mpaka chini. Paa la bati ni mahali pazuri kuliko pote, kwa kuwa bati hurudisha nuru na kuongeza joto. Lazima pawe mahali ambapo kivuli cha mti au cha ukuta hakitafika mchana. Kuiweka chupa ndani ya nyumba karibu na dirisha la kioo si vema, kwa maana kioo huzuia sehemu ya miale.

Tano, muda. Siku ya jua wazi, saa 6 zatosha. Kwa mfano chupa zikiwekwa saa 3 asubuhi hutolewa saa 9 alasiri. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya mbingu, chupa hukaa siku 2 mfululizo. Mvua ikinyesha kutwa, jua haliaminiki, na siku hiyo maji huchemshwa au hutiwa dawa ya klorini.

Kanuni hii ya tano ndiyo igawayo Upare mara mbili. Mtu wa Same, Makanya au Hedaru karibu kila siku aweza kutegemea saa 6. Shida yake ni tope, kwa hiyo kazi yake kubwa ni kutuliza maji na kuyachuja. Mtu akaaye juu karibu na Shengena mara nyingi ana maji maangavu, hahitaji kuchuja sana. Shida yake ni ukungu, hasa wakati wa masika na siku za baridi. Huyo lazima ahesabu siku 2, tena awe na chupa mara mbili: hizi ziko juani leo, na zile za juzi zanywewa. Asiyejua tofauti hii ataiga desturi ya jirani wa tambarare, atoe chupa jioni ya siku ya ukungu, na kuwapa watoto maji ambayo hayajatibiwa. Hapo chupa itakuwa imemdanganya, kwa kuwa alijiona salama.

Sita, kunywa. Maji yaliyokwisha kukaa juani yasimiminwe tena katika mtungi wa zamani. Hunywewa kutoka chupa ile ile, au katika kikombe safi. Jua haliachi ulinzi wo wote ndani ya maji. Kijidudu kiingiacho baadaye kwa kata au mkono mchafu huishi. Kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni, na choo kitumike na kufunikwa; la sivyo, kazi ya mchana kutwa hupotea kwa mguso mmoja.

6

Katika nyumba, shule na zahanati zenye umeme, iwe wa waya au wa mabamba ya jua, taa ya urujuanimno yaweza kutumika. Taa hiyo ni kama mrija mrefu uliofunikwa kwa kioo cha namna ya pekee kipitishacho miale, nao hukaa ndani ya bomba la chuma. Maji hupita kando yake, na kwa sekunde chache tu vijidudu hupoteza nguvu. Miale yake ni mikali zaidi ya ile ya jua ifikayo kwetu duniani, kwa sababu anga huzuia miale ya jua iliyo mikali kupita yote. Kwa hiyo taa isitazamwe kwa macho ikiwa inawaka, wala isiangaze ngozi, huumiza.

Kanuni za taa ni ndugu za kanuni za chupa. Maji lazima yachujwe kwanza, maana tope huzuia miale ya taa kama lizuiavyo ya jua. Kioo chake lazima kipanguswe, kwa kuwa maji yenye chumvi na chokaa huacha utando juu yake. Tena taa huchoka. Baada ya mwaka mmoja hivi wa kuwaka, nuru ya buluu bado huonekana, lakini miale iuayo imepungua; taa hubadilishwa ijapokuwa jicho laiona nzima. Na umeme ukikatika, maji yaliyopita hayakutibiwa.

Ni lazima pia kujua lile ambalo miale haiwezi. Haiondoi chumvi, wala haiondoi madini. Katika sehemu nyingi za mikoa ya Kilimanjaro na Arusha maji ya ardhini yana floraidi nyingi, nayo huwafanya watoto kuwa na meno ya kahawia, na ikizidi sana hudhuru mifupa. Maji ya namna hiyo yakikaa juani mwezi mzima, floraidi itabaki vile vile. Dawa za mashambani zilizomwagika majini nazo hazitegemewi kutoka. Tena viko vijidudu vyenye ganda gumu, kama vile vya amiba, vistahimilivyo jua kuliko vya kipindupindu. Kwa hiyo mtu huchagua kwanza maji yaliyo bora kuliko yote apatayo, ndipo ayaweke juani.

Njia hii haijengi bomba, wala haitoshi kuwa sababu ya kutojenga bomba. Ni kazi ya kila siku, na ugumu wake ni huo. Watafiti katika nchi nyingi wameona kwamba watu hufundishwa, hufurahi, huweka chupa juani mwezi wa kwanza, kisha husahau. Chupa moja huanguka kwa upepo, nyingine huchukuliwa kuwekewa mafuta ya taa, na mama mwenye kazi nyingi hana nafasi ya kukumbuka saa. Basi ni kazi iwafaayo sana watoto wa shule. Mtoto ajuaye kusoma aweza kujaribu maji kwa gazeti. Ajuaye saa aweza kuhesabu saa 6. Ajuaye hesabu aweza kupanga chupa ngapi zinywewe leo na ngapi zikae mpaka kesho. Mdogo wake wa miaka miwili hawezi kufanya hata moja katika hayo, naye ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wote nyumbani.

Maswali

1. Kwa nini mji wa Same una mvua chache kuliko milima iliyo juu yake?
2. Maji maangavu si lazima yawe maji safi. Eleza sababu.
3. Ritter alitambuaje kwamba iko miale ng'ambo ya urujuani?
4. Katika jaribio la Kajiado, kwa nini makundi yote mawili yalipewa chupa za namna moja?
5. Mtu wa Hedaru na mtu akaaye karibu na Shengena hawana shida moja. Taja shida ya kila mmoja, na dawa yake.
6. Taa ya urujuanimno hubadilishwa ijapokuwa bado yawaka. Kwa nini?
7. Twaa chupa mbili, moja yenye maji ya bomba au ya kisima, na moja yenye maji ya mfereji. Zijaribu kwa gazeti, kisha andika ulichoona.